Siku Tuliyozika Bila Mheshimiwa

Mama yangu aliuza maharagwe soko la Kikima maisha yake yote, na akiwa bado na nguvu alinipa agizo moja tu kuhusu kifo chake: "Nikifa, nisilazwe juani nikimngoja mtu wa nyumba ile."

Nyumba ile haikuhitaji jina. Babu yao alikuwa chifu wakati wa mkoloni, mwanawe akawa mbunge baada ya uhuru, na wajukuu walikuwa kando wakipashwa moto kama chapati, wakingoja zamu. Shule ilikuwa yao, josho la ng'ombe lao, na mabati ya kanisa letu yalitoka kwao. Walitangaza mia moja. Mimi nilihesabu sitini na mbili, nikazunguka nikahesabu kuanzia upande wa pili: sitini na mbili.

Lakini kitu walichokamata kabisa ni mazishi yetu. Hakuna maiti iliyoshuka kaburini kabla Mheshimiwa hajafika, akashika kipaza sauti, akaongea juu ya barabara, na mwisho akakumbuka kuuliza marehemu aliitwa nani. Kuna mazishi niliyohudhuria tukangoja mpaka saa kumi na moja. Watu walisema ni heshima. Heshima ya nani, hawakusema.

Mama alifariki miaka ya themanini, mwezi wa joto. Ibada nyumbani ilikwisha saa saba. Wachimbaji walikuwa wamemaliza, wameketi kando ya shimo. Naibu chifu akanisogelea, kofia mkononi.

"Dada, tungoje kidogo. Mheshimiwa ameshapita Tawa."

"Umejuaje, na huna simu?"

"Ameshapita. Wewe jua tu hivyo."

"Asubuhi pia ulisema ameshapita Tawa. Kwani anapita mara ngapi?"

Akacheka bila kutaka. "Haya, mpe mpaka saa kumi."

"Saa saba na nusu."

"Dada! Hata mtumba haushuki hivyo. Saa tisa na nusu."

"Mwenye siku ni huyu aliyelala hapa. Saa nane."

Tulikutana saa nane na nusu, tukapeana mikono juu ya jeneza. Mama hangekasirika. Yeye ndiye alinifundisha kutoonyesha haraka.

Saa nane na nusu ikafika, barabara tupu. Naibu chifu akaomba nyongeza ya dakika kumi.

"Kwa maharagwe huwa naongeza kiganja," nikamwambia. "Kwa mama yangu siongezi."

Nikamwendea mchungaji. Akatazama ng'ambo ya bonde, paa la kanisa likimetameta.

"Dada yangu katika Bwana, tusiwaudhi. Upande wa nyuma bado haujaezekwa."

"Mchungaji, omba wewe, au niombe mwenyewe. Na mimi nikiomba, nitataja hesabu ya mabati."

Akafungua Biblia.

Wanaume wengi walikuwa wamekumbuka mbuzi wao ghafla, kwa hiyo jeneza lilibebwa na wanawake wa mwethya, kile kikundi ambacho mama alilima nacho kwa zamu, shamba hadi shamba. Wakaanzisha wimbo, na hapo aibu ikatupata. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kanisa, lakini nyumba ile ilikuwa imeuchukua zamani, ikautia maneno ya kujisifu, nasi tukauimba hivyo kwenye kila mkutano, kila harambee, kila sikukuu. Watoto shuleni hawakujua mwingine. Sasa sauti zikatoka, na badala ya kumwomba Mwokozi atutangulie, tukamwomba Mheshimiwa. Juu ya maiti! Nami nilikuwamo, kwa sauti kubwa. Mistari miwili mizima iliisha kabla kiongozi wao, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, hajapiga kelele:

"Nyamazeni! Kwani tunamzika nani hapa?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha sote tukacheka, mimi machozi na makamasi pamoja. Maneno ya zamani hatukuyakumbuka yote. Tukaimba tuliyobaki nayo, na palipokosekana maneno tukaunguruma tu, na mama yangu akashuka kaburini.

Mheshimiwa alifika tukila. Magari manne. Nikahesabu tena yalipokuwa yakijipanga: manne. Akalitazama tuta la udongo.

"Mmezika?"

"Tumezika, Mheshimiwa. Karibu chai."

"Bila mimi? Nani aliwaruhusu?"

Naibu chifu akachunguza viatu vyake kama vipya.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ni binti yake. Sikujua kuna ruhusa nyingine."

Mheshimiwa akanipa mgongo. Aliwageukia wanawake, mkono umeinuka nusu, akingoja waanze kumwimbia kama kawaida. Mkono ukakaa pale. Yule mama wa tarumbeta alikuwa na muthokoi mdomoni, na sijawahi kuona mtu akitafuna mahindi polepole namna ile. Hakuna aliyeanza. Magari yakageuza, yote manne.

Siku ya soko iliyofuata nilikuta nafasi yangu kwenye kibanda imepewa mtu mwingine. Askari wa kaunsili akanionyesha pangu papya, kando ya choo. Sikubishana. Nikatandika gunia, nikamwaga maharagwe, nikaketi. Wateja walikuja wameziba pua, lakini walikuja. Na mmoja hakuja kununua. Alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe juma lile. Akachuchumaa, akajifanya anachagua, punje moja moja.

"Uliwaambia saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

Akafikiri. "Na akikasirika, anafanya nini?"

Nikamwonyesha choo kwa kidevu.

Mzee akakitazama, akanitazama mimi na gunia langu, akainuka akajipangusa magoti. Alimzika mkewe Ijumaa, saa saba kamili. Saa saba! Hata mimi sikuthubutu kuanzia hapo.