Matofali Aliyoyachoma Yaya

Nilipoambiwa nyumba yangu ndiyo itakuwa nyumba ya mfano ya mtaa wetu, niliruka palepale mbele ya fundi wa shirika lililokuja kutufundisha ujenzi, mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi kuuliza kulikoni. Nyumba yangu! Mimi mjane, mshona sare za shule hapa Likasi! Chumba cha nyuma kilichochakaa kingebomolewa na kujengwa upya kwa matofali yasiyochomwa: udongo wa kichuguu, mchanga na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali linafunikwa na kunyunyiziwa maji hadi likomae. Hakuna kuni wala makaa. Watu wangekuja kujionea wenyewe.

Sharti lilikuwa moja tu: siku ya wageni ukuta uwe umesimama. La sivyo mashine inahamia mtaa mwingine, na mimi nabaki na nyumba isiyo na mgongo, na mvua hizo zinakuja.

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, hakupendezwa. Maisha yake yote amechoma matofali, na tanuri lake liko nyuma ya kiwanja changu. Kila alipopita aligusa tofali langu kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Ndogo yangu, hii iko udongo tu. Mvua ya kwanza, utalala inje."

"Yaya, wacha maneno. Utaona."

Bon, basi, tukapata msiba huko Kakanda. Nilikwenda siku nne, nikamwachia yaya ufunguo na ombi moja: anyunyizie matofali maji asubuhi na jioni. Niliporudi, nikaona moshi tangu barabarani. Uani matofali hayapo, hata moja! Yaya amesimama kando ya tanuri, meno yote nje.

"Nilikuchomea, yote! Sasa utakuwa na nyumba ya kweli."

Mungu wangu! Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, na mimi ni mwimbaji wa kwaya. Fundi alikuja, akasubiri tanuri lipoe, akatia tofali moja ndani ya ndoo. Kesho yake lilimeguka kama mkate mkavu. Saruji ikipita kwenye moto mkali, alisema, inakufa. Yaya aliangalia ile ndoo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kufika siku ya wageni. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ananing'inia kwenye mkono wa mashine, jasho linamtoka. Sikumsalimu. Siku ya pili nikamsalimu. Siku ya tatu tulikuwa tunacheka, yeye anashindilia, mimi nafunika. Matofali yalipokomaa, aligonganisha mawili sikioni.

"Inalia! Ndogo yangu, sikia, inalia sawa ile ya kuchoma!"

Tulijenga kutwa nzima, siku baada ya siku. Ukuta ulifika juu jioni ya mwisho kabisa. Jamani, nilivyofurahi!

Wageni wakaja, ua ukajaa, na mvua nayo ikaja, ile ya kwanza yenye upepo. Wote tulijibana chini ya bati na kukodolea macho ukuta. Maji yaliupiga, yakateremka, yakaenda zake. Ukuta ukabaki ukuta.

Mama mmoja akauliza, "Na tukiyachoma, hayatakuwa magumu zaidi?"

Fundi alinitazama. Nami nikatazama chini, maana nilikuwa nimeapa kutomwaibisha yaya mbele za watu. Lakini yeye alishatoka na kuingia mvuani. Alirudi na moja la yale yaliyoungua, akalifinya mbele ya wote, likamwagika kati ya vidole vyake.

"Njo miye niliyachoma," alisema. "Ya dada yangu, juu nilikuwa naogopa atalala inje."

Watu walicheka. Yule mama hakucheka.

"Baba, na tanuri yako sasa?"

"Nimeizima."

"Utakula nini?"

Yaya alijifuta mikono kwenye suruali.

"Siyui bado," alisema. "Kuya hapa, nikuonyeshe mashine."