Filomena na Koti la Marehemu

Huko Matombo, kabla ya video kupanda milima, msiba usiohudhuriwa na Filomena ulionekana mkavu. Alikuwa mkulima wa ndizi, na kwa ukoo wake alikuwa mtani wa nusu ya kijiji. Maiti akiwa bado ndani, Filomena alivaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na ubahili wake, hata wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Kila alipovaa koti la mwanamume alisema, "Nimerudi kuchukua koti langu. Huko niendako kuna baridi kuliko Uluguru."

Mwaka 1993, biashara ilipokwisha kufunguliwa na kila mwenye kamera akajiita mtengeneza filamu, alifika Godfrey, mwenye banda la video kule mjini Kihonda. Alimwomba Filomena aigize utani wake migombani. Majirani walimzunguka wakicheka. Godfrey akamshukuru kwa doti ya khanga, akaondoka.

Katika filamu hakuna aliyecheka. Godfrey alifuta vicheko, akaweka ngoma nzito na mlio wa bundi, akaukata utani katikati. Likabaki koti, uso uliopakwa majivu, na sauti: "Nimerudi kuchukua koti langu." Picha ilikuwa na ukungu, na damu yake ilikuwa maji mekundu ya choya. Hata hivyo watu, hata wa Matombo, walirudia kuitazama kwa miaka mitano, wakaijua kwa moyo kama sala. Hapakuwa na sheria ya kumlinda mkulima asigeuzwe mchawi kwa ajili ya kiingilio, na waliopaswa kuidai walikuwa wameketi mstari wa mbele.

Kidogo kidogo wadogo zake wakaacha kumpa shikamoo. Wanawake walibadili njia ya kisimani. Ni Regina peke yake, jirani aliyechechemea tangu utotoni, aliyeendelea kula naye na kumtania. Alipozidiwa na ugonjwa, Regina alimshika Filomena mkono.

"Mtani, usiniache nizikwe kimya."

Filomena aliahidi.

Siku ya mazishi, saa sita mchana, alitokea nyuma ya nyumba amejifunga khanga ya Regina, akichechemea, akilalamika kwamba chai ya msibani haina sukari, kama Regina alivyozoea. Akina mama walivuta watoto wao. Paulo, kaka wa marehemu, akasimama mlangoni.

"Vua nguo ya dada yangu."

"Paulo, mama yako nilimwiga mpaka ukagaragara kwa kicheko."

"Wakati ule hatukujua ulikuwa unafanya nini. Sasa tumeona."

"Mmeona kanda ya Godfrey."

"Tumekuona wewe."

Aliivua khanga, akaikunja, akaiweka kizingitini. Regina alizikwa kimya. Kila koleo la udongo lilisikika.

Filomena alishika njia ya migombani peke yake. Nyuma yake zikaongezeka hatua, za watu wazima, zisizo na haraka. Ndipo alipogundua kwamba bado alikuwa anachechemea.

"Umerudi kuchukua nini?" mmoja wao aliuliza, taratibu.

Aligeuka, akatafuta uso mmoja ambao angeweza kuumalizia ule utani wa baridi. Hakuuona.