Jino Lililonifunga Mdomo Siku ya Mahari

Ng'ombe wanne na jino moja la nyuma. Nimehesabu mara mbili, hesabu haibadiliki, na mwenye kosa ni mimi.

Jino lilinianza msimu wa pamba. Nikadandia lori hadi hospitali ya misheni, nikitaka ling'olewe. Daktari akasema mzizi unatibika, jino litabaki. "Utakuja mara tatu, mzee."

"Tatu nyingi, daktari. Fanya moja tuagane."

"Hapa si mnadani," akanijibu.

Wenye woga niwaambie: kinachouma ni sindano ya ganzi, tena kidogo. Kisha anatoboa jino, anakwangua mshipa uliooza kwa vijisindano vyembamba, anatia dawa, anaziba kwa muda. Siku mbili tatu unatafunia upande mmoja, halafu kimya.

Kimya hicho ndicho kilichoniponza. Nikajiambia, maumivu yameisha kwa safari moja, hizo mbili za nini? Nikakaa zangu nyumbani Ushirombo miezi miwili, najiona mjanja.

Ikafika siku ya kupatana mahari ya mtoto wa kiume wa kaka yangu, huko Kahama. Msemaji mimi, kama kawaida, na kwetu msemaji akishatajwa wengine hawafungui mdomo. Kaka alikuwa na ng'ombe kumi na watano, wa kumi na sita hana. Asubuhi hiyo nikaamka shavu limevimba, ulimi hauna pa kugeukia.

"Ishirini," akasema mjomba wa binti.

Nikafungua mdomo. Neno halikutoka, likatoka chozi. Kaka akanifinya paja, akaninong'oneza, "Sema basi, unaniua."

"Mnaona?" mjomba akawaambia wenzake. "Tuliambiwa huyu bwana mgumu, kumbe analia kwa heshima. Mpunguzieni mmoja."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kumi na tisa, imekwisha hiyo.

Jino nililirudisha hospitali wiki ile ile, halikufaa tena, likang'olewa. Daktari hakunisema, alinionyesha usaha tu.

Wenzangu, maumivu kuisha si jino kupona. Ukiambiwa mara tatu, nenda tatu, usipatane na mzizi.

Harusi imefungwa, bibi harusi hana neno. Ila kaka aliwakopa wale wanne kwa ndugu wa mkewe, na anataka niwalipe mimi. Nilianza kwa kumtajia wawili, akainuka akaondoka bila kuaga. Nishaurini kwa ukweli: nikimpelekea watatu na ndama, ataniita ndugu tena, au nipeleke wanne wote nisitie neno?