Gemu Langu, Jina la Mume Wangu

Mume wangu aliinunua ile kompyuta ya Mac kwa sababu ya sura yake. Mtaalamu mmoja wa mradi wa kilimo alikuwa anamaliza mkataba hapa Sumbawanga na kuuza kila kitu, kuanzia kitanda hadi jiko la gesi. Mume wangu, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya, alirudi nyumbani kwetu mtaa wa Malangali ameibeba kifuani ndani ya jaketi, kwa namna ambayo hakuwahi kumbeba mwanetu. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, baridi kuishika. Hapohapo akataka kuweka gemu la mpira alilozoea kucheza kwenye kompyuta ya rafiki yake. Likakataa. Akajaribu la mbio za magari. Nalo likakataa.

"Mashine nzuri hivi, haiwezi hata kucheza mpira?"

Nikamweleza kwamba magemu yale yametengenezwa kwa ajili ya Windows, na Mac inaongea lugha nyingine. "Ni kama bibi yangu," nikamwambia. "Anajua Kifipa peke yake. Akija mezani kwako ofisini ataongea maneno ya maana kabisa, lakini bila mkalimani hutamwelewa."

"Basi itafutie mkalimani," akasema, akaifunga, na kwa upande wake habari ikaishia hapo.

Kwangu ndipo ilipoanza. Nilikuwa na diploma ya kompyuta kutoka chuo cha Mbeya tulikokutania, yeye akisomea utawala. Nilikuwa nimefundisha sekondari kwa kujitolea miaka miwili nikingoja ajira, ajira haikuja, nikapata mtoto, nikabaki nyumbani. Asubuhi, yeye akishaenda kazini na mtoto akishanyonya na kulala, nilikuwa na saa mbili, siku nyingine tatu. Nilikaa dirishani na kitenge mabegani, maana upepo wa huku mwezi wa sita unaingia hata pasipo na tundu, nikawasha ile mashine.

Mkalimani alikuwepo. Ni programu iliyokuwa ikitengenezwa bure na watu wa nchi mbalimbali waliokutana kwenye jukwaa moja mtandaoni. Yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuirekebisha, na kupeleka marekebisho yake wenzake wayajaribu. Nilijiunga kwa barua pepe ya mume wangu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye ile mashine, na laini ya simu tuliyotumia kwa intaneti nayo ilikuwa ya kwake. Jina lililoonekana kwenye jukwaa likawa la kwake. Sikuliwazia hata kidogo. Ningetaka jina la nini, mtu anayerekebisha gemu huku anachambua dagaa wa Kirando?

Kwa mwaka mzima nilijifunza. Nilianza na makosa madogo, herufi zisizoonekana, sauti inayokwaruza. Halafu nikakutana na gemu kubwa, lile ambalo kila mtu duniani alikuwa akilizungumzia wakati huo, la mji mkubwa ambao unaendesha gari kwenda utakako. Kwenye Mac lilikuwa linafunguka vizuri, watu wanatembea, taa zinawaka. Lakini mvua ikianza kunyesha mle ndani, barabara ilipotea. Gari linabaki linaning'inia kwenye weusi, kisha kila kitu kinaganda. Watu wengi kwenye jukwaa walijaribu na kuacha. Wengine waliandika kwamba haiwezekani.

Mimi niliishi na ile mvua miezi minne. Nilikuwa napika ugali naiwaza. Niliifuata mstari kwa mstari, umeme ukikatika naandika kwenye daftari nilipofika. Siku nilipoigundua kasoro yenyewe nilikuwa naanua nguo. Mkalimani alikuwa anatafsiri maneno yote sawasawa, ila mpangilio aliubadilisha: alikuwa anachora maji kabla ya kuchora lami, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kutua. Niliacha nguo kwenye kamba nikaingia ndani. Nilibadilisha mistari kumi na kitu hivi. Nikawasha gemu, nikaendesha gari hadi mawingu yakajikusanya, na mvua ikanyesha juu ya lami, ikang'aa kwenye taa za magari. Nililia peke yangu sebuleni.

Mume wangu aliporudi nilimwonyesha. Alicheza dakika kumi. "Safi," akasema. "Chakula tayari?"

Wiki chache baadaye ikaja barua kwenye ile barua pepe. Kampuni moja ya Ulaya, ambayo kazi yake ilikuwa kuchukua magemu makubwa na kuyaleta rasmi kwenye Mac, ilikuwa imepewa lile gemu. Walikuwa wameona marekebisho ya mvua. Walitaka kuzungumza na aliyeyafanya, kwa video. Barua ilianza kwa "Bwana" na jina la mume wangu.

Aliisoma amesimama. "Wanadhani ni mimi," akasema, na kwa kweli siku ile alikuwa na aibu. "Tuwaambie."

Hapa ndipo ninapotakiwa kusema ukweli, maana nimeshausimulia mkasa huu mara nyingi nikiruka mahali hapa. Niliyemzuia ni mimi. Niliogopa Kiingereza changu. Niliogopa mtoto atalia katikati ya mazungumzo. Niliogopa kwamba wakiona mwanamke wa Sumbawanga mwenye kilemba watadhani ni utani na watakata mazungumzo. Nikamwambia, "Ongea wewe. Mimi nitakaa pembeni nikuandikie."

"Una uhakika?"

"Ni kwa mara hii tu."

Basi siku ya mahojiano alivaa shati jeupe na koti la suti, chini bukta. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mguu wa meza, mahali kamera isipofika, na daftari magotini. Wakiuliza, naandika kwa herufi kubwa na kuinua. Alisoma vizuri. Ana sauti nzuri mume wangu, huwa anasoma masomo kanisani. Mahali palipokuwa pagumu alikaa kimya kama anayefikiri, akiningoja nimalize kuandika, na wale watu wakamngoja kwa heshima. Walimpa kazi siku ileile.

Kwa mwaka na miezi kadhaa nilifanya kazi ile kwa jina lake, asubuhi na mchana. Yeye hakuacha ajira yake. Jioni nilimweleza nilichofanya ili aweze kukieleza kwenye kikao cha wiki, naye akakieleza. Mwanzoni alikuwa anasema "tumerekebisha." Ikawa "nimerekebisha." Nilipomgusia akacheka. "Sasa ningesemaje mbele yao?" Baadaye akaanza kusema hivyo hata tukiwa sisi wawili. Jioni moja alinieleza jinsi alivyotatua tatizo la sauti ya injini, akinifafanulia taratibu, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi, na maneno aliyotumia yalikuwa yangu ya juzi yake.

Gemu lilitoka. Tulikaa sebuleni tukaliangalia hadi mwisho, pale majina ya waliolitengeneza yanapopita kutoka chini kwenda juu. Jina lake likapita. Akapiga makofi, akalirudisha, akalipiga picha kwa simu. Nilingoja. Nilikuwa nimemwomba awaandikie waniweke hata kwenye orodha ya wanaoshukuriwa, pale walipowaweka mpaka wake zao na paka wao. Majina yakaisha, kioo kikawa cheusi.

"Nilisahau kuwaandikia," akasema. "Toleo lijalo."

Wakamwalika kwao wiki moja. Nilijua ataumbuka, na Mungu anisamehe, niliisubiri siku hiyo. Hakuumbuka. Alikuwa amenisikiliza miezi mingi kiasi cha kuweza kusimama mbele ya watu na kueleza habari ya maji na lami, na walimpigia makofi. Alirudi na fulana ya kampuni.

Tulipombatiza mtoto wetu wa pili, ndugu zake walikuja kutoka Mbeya na wa kwetu walishuka kutoka kijijini na kuku na unga wa ulezi. Baada ya chakula, mume wangu alisimama akasimulia. Alisema alivyokaa na lile tatizo miezi minne. Alisema siku alipolipata alikuwa nje, amesimama kwenye kamba ya nguo. Nilikuwa nimeshika sinia la vyombo. Ndugu zake wakashangilia, mama mkwe akapiga vigelegele, na mume wangu akanitazama akitabasamu bila wasiwasi wowote. Ndipo nilipoelewa kwamba hasemi uongo. Alikuwa anakumbuka.

Asubuhi yake baba yangu, kabla ya kuondoka, alinikuta uani. Baba ni mkulima, hajawahi kugusa kompyuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ile habari ya jana," akasema kwa Kifipa, "ya kamba ya nguo. Huyu mkwe wangu anaanua nguo lini?"

Nikageuka kuitazama kamba.

"Kazi ni yako?"

"Ni yangu, baba."

"Walipomhoji wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikaa pembeni, kwenye kigoda. Naandika majibu."

"Nani alikuambia ukae pale?"

"Mimi mwenyewe."

Baba alitazama chini. Usoni mwake hamkuwa na hasira, mlikuwa na aibu, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Alichukua mfuko wake akaenda stendi.

Niliwaandikia kampuni wiki ileile, kwa barua pepe yangu mwenyewe, niliyoifungua siku hiyo. Niliwaeleza kila kitu. Niliambatanisha picha za kurasa za daftari. Niliandika kwamba siombi kitu kingine, ila jina langu liwekwe na kazi niendelee nayo mimi. Nilimwambia mume wangu baada ya kutuma, si kabla.

"Umefanya nini?" akauliza, si kwa ukali. Akakaa kitandani na viatu vyake.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, kwetu sote wawili. Lilikuwa la adabu sana. Walisema wanasikitika kwa hali ya familia yetu. Walisema mkataba ulikuwa na mtu mmoja, na ulimkataza kumwonyesha mtu mwingine yeyote kazi ya ndani ya gemu. Kwamba kwa maelezo yangu mwenyewe, mtu mwingine ndiye aliyeiona yote. Kwa sababu hiyo mkataba umesitishwa. Kuhusu majina, gemu limeshatoka na hawakuwa na namna ya kuthibitisha. Mimi walinishukuru kwa uwazi wangu.

Nilisoma ile barua mara nyingi nikitafuta sentensi moja ambayo ningeweza kuishika. Haikuwepo. Kila walichosema kilikuwa haki yao kukisema.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Mbeya. "Mwanangu alikukosea nini?" akauliza. "Alikupiga? Alikunyima chakula?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini umemkata mkono?"

Nilianza kumweleza. Akasema, "Hata kama ulimsaidia, mke si ndiyo kazi yake kumsaidia mumewe?" Wifi yangu alikuwa karibu naye, nilimsikia akisema niachwe tu, nina wivu. Mtaani nako habari ilifika, ikiwa na sura hiyohiyo: mume alipata kazi ya wazungu, mke akamwandikia barua. Mwenzangu mmoja wa jumuiya, tuliyesali naye miaka, aliniambia kwa upole kwamba ameniombea.

Hatukuachana. Watu hutegemea niseme tuliachana. Tunaishi nyumba ileile, tunapeleka watoto shule, tunauguzana. Hajawahi kuniomba msamaha, na sidhani kama atafanya hivyo, maana kwa moyo wake wote anaamini alinyang'anywa kitu. Akikutana na wageni bado huwaonyesha ile picha ya jina kwenye simu. Gemu bado linauzwa. Mimi nafundisha kompyuta kwenye kituo kidogo karibu na soko, namna ya kuandika barua na kupanga jedwali, na wanafunzi wangu wananiita madamu.

Mwaka jana nilinunua Mac yangu, kuukuu, yenye ufa kwenye kona ya kioo. Nikarudi kwenye lile jukwaa kwa jina langu mwenyewe, la kwanza na la ukoo. Niliona gemu jipya lenye kasoro kwenye vivuli, na nilijua tatizo liko wapi, nikaandika. Baada ya saa moja nikajibiwa na kijana wa nchi nyingine, asiyenifahamu, kwa lugha nzuri kabisa. Alinikaribisha. Alisema wageni huwa wanafanya kosa la kurukia mambo magumu, akanishauri nisome kwanza mwongozo wa wanaoanza, akaniwekea kiungo.

Nikakifungua. Sura tatu kati ya tano nilikuwa nimeziandika mimi, mtoto wa kwanza akiwa ananyonya. Juu ya ukurasa palikuwa na jina la mume wangu, na chini yake watu walikuwa wanaendelea kumshukuru.

Nilimjibu yule kijana kwamba nimeupokea. Kisha nikatuma marekebisho ya vivuli, bila maelezo.