Damu Kwenye Mrija wa Mzee Filbert

Hadi leo nikipita Murukulazo nashusha kofia mpaka puani, na nitawaambia kwa nini, ila mcheke taratibu.

Nilikuwa nimelazwa kwa damu iliyoganda mguuni, zaidi ya wiki nachomwa tumboni sindano za kuzuia damu kuganda. Asubuhi moja nesi akasema nisubiri kupimwa damu, lakini uvimbe ulikuwa umeisha na mimi na kukaa hatupatani, nikaweka mfukoni sindano zangu (nilishafundishwa kujichoma), nikatoka bila ruhusa nione barabara inakwenda wapi. Miguuni nilikuwa na madoa madogo mekundu, nikasema viroboto hao.

Siku ya tatu barabara ikanifikisha kwa mzee mmoja wa kijiji cha Murukulazo, Mzee Filbert. Majirani walikuwa wamemlimia shamba, sasa wamezunguka mtungi wa pombe ya mtama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, mbona unakunywa kwa macho?" Akanipa mrija wake mwenyewe, heshima ambayo pale haikataliwi.

Nilivuta kwa bidii, nikamrudishia, kumbe ncha ni nyekundu, fizi zinatoka damu! Badala ya kunyamaza nikafunua shati kueleza habari za sindano, wakaona tumbo limejaa mabaka meusi.

"Ule ugonjwa wa kutoka damu!" mama mmoja akapiga yowe, na upande wetu huu, ambako ugonjwa huo wa kuambukiza ulishaua watu, neno hilo halisubiri maelezo, watu waliruka mtungi kama mbuzi. Nikawafuata nikieleza (nao wakaongeza mbio), mpaka mguu ukakataa. Ulikuwa umevimba upya. Nikapakiwa kwenye gari na watu waliovaa kama warina asali, kijiji kizima kikitazama kwa mbali.

Walinifungia peke yangu chumba cha kutengwa, hospitali ya mbali nisiyoijua. Majibu yalipotoka kwamba sina ugonjwa ule, daktari akauliza, "Ulipoona madoa ulifanya nini?"

"Nilijichoma, daktari. Sikuruka hata moja!" nikajibu kwa fahari.

Akashika kichwa. Akaeleza kuwa mara chache mwili huigeukia dawa hiyo, chembe sahani zinazoziba majeraha zikapungua sana, na papo hapo damu ikazidi kuganda ndani ya mishipa. "Kile kipimo ulichokikimbia kingetuonyesha. Ungechelewa, mguu huu tungeukata."

Akazichukua sindano zangu zote, akanianzishia dawa ya aina nyingine. Nikaomba basi niongezewe hizo chembe. "Nikuongezee kuni kwenye moto?" akasema. Akaniagiza kila nitakapolazwa niitaje dawa ile kabla sijasalimia.

Alipofika mlangoni nikamwita, kwa sauti ndogo ambayo sikujua ninayo.

"Daktari, naomba ruhusa niende chooni."