Nilipiga hesabu ya ugali na chipsi mbele ya baba, nikamponza mama

Jumapili iliyopita, saa nane kasoro dakika kumi mchana. Saa naijua kwa sababu niliiandika kwenye daftari nikidhani naandika siku nzuri.

Wakuu, salamu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo. Mimi nasoma nyuzi zenu tangu form one na sijawahi kukomenti hata mara moja. Sasa niko form three, tunaishi Igoma. Mdomoni sina maneno, yote yako kwenye kaunta buku langu, na haya nayatoa humo. Pale nilipokosea mimi nimepaacha kama palivyo. Atakayesema ni chai, kwamba nimetunga, ruksa, ila asome hadi chini kwanza.

Kwetu tuko watano. Baba ni fundi wa mageti, mama yuko nyumbani, mimi, na wadogo zangu mapacha Kulwa na Doto, wasichana wa miaka tisa.

Kila asubuhi baba alikuwa anaacha elfu kumi ya matumizi. Mama anaipokea, tunakula, siku inaisha. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya bajeti ya nyumbani.

Jumapili hiyo mama alisonga ugali, na dagaa wa kuunga na nyanya. Tunanawa mikono, baba akaingia na mfuko wa chipsi, sahani tano. Alikuwa amelipwa hela ya geti moja la Buzuruga.

Mapacha waliukimbia ugali ukiwa bado unatoa mvuke. Mama aliwaacha. Akafunika sufuria.

Baba anakula huku anacheka. "Mama Kulwa, unaona? Elfu mbili mbili, watu watano, elfu kumi. Hela ile ile ninayokuachia, na leo hakuna aliyelia moshi. Sasa kupika kuna faida gani?"

Alikuwa anatania tu, namjua. Lakini nilimwona mama anaitazama ile sufuria aliyoifunika, nikaumia.

Na dukani huwa natumwa mimi. Bei zote ninazo kwenye daftari, sijui kwa nini naandika, ni tabia tu. Mezani huwa siongei, nikiulizwa najibu kwa kichwa. Siku hiyo nikafungua mdomo.

Nikasema, "Baba, chipsi ndiyo ghali. Chakula cha leo ni elfu tano na mia nane, na ni cha mchana na usiku."

Nikamtajia kimoja kimoja bila kufungua daftari. Unga kilo mbili elfu tatu na mia mbili. Dagaa buku, elfu moja kamili. Nyanya mia saba. Kitunguu mia mbili. Mafuta ya kupima mia saba.

Nilijiona wakili wa mama.

Baba akaacha kutafuna. "Elfu tano na mia nane. Una uhakika?"

"Ndiyo, baba."

"Na siku nyingine?"

"Nyingi ni hapo hapo."

Akamgeukia mama, kicheko kimeshaisha. "Basi hiyo elfu nne na mia mbili inakwenda wapi?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Kidogo tu. Halafu akasema, "Mimi sina hesabu kama za mwanao," akanyanyuka na sufuria yake.

Chipsi zangu sikuzimaliza. Doto alizimalizia.

Jumatatu asubuhi baba akaacha elfu sita.

Mama akanipa mimi. "Uko likizo. Hesabu ni yako, pika wewe." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikaenda sokoni. Nyanya nilienda kwa yule mama ambaye mama yangu hununua kwake. Fungu ambalo mama analipata kwa mia saba, nikaambiwa buku. Nikatoa buku.

Yule mama akanishangaa. "We binti, hela yako haiongei?"

Nikatabasamu, nikiangalia chini.

"Mama yako akija hapa anaanza kuuliza habari za mguu wangu, anamaliza amenichukulia nyanya tatu za nyongeza. Wewe umesimama kama umekuja kusomewa hukumu. Ukininyamazia nakuuzia bei ya mgeni, usinilaumu."

Akanipa nyanya moja ya huruma, imebonyea upande.

Wakuu, hapo ndipo nilianza kukosa raha. Bei nilizokuwa naziandika zilikuwa bei za mama, hata pale nilipotumwa mimi. Nilikuwa nafika nasema "mama amesema nipe ile ya kwake," napewa. Safari hii nimekwenda kwa jina langu, na jina langu halina punguzo.

Jumanne mkaa ukaisha.

Sikuwa nimewahi kununua mkaa. Gunia lilikuwa pale nyuma ya mlango, likiisha linakuja jingine, mimi nikidhani ni mambo ya baba. Kumbe mama alikuwa anatoa kidogo kidogo kwa mwenye mkaa hadi gunia linatimia. Nikanunua wa elfu mbili kwenye kopo, bei ya kuumia. Imebaki elfu nne. Na hapo Kulwa ameamka anauliza uji.

"Uji haumo kwenye hesabu," nikamwambia.

"Mbona mama alikuwa anatupa?"

Niliingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Nadhani siku ile nilizunguka ile nyumba mara mia, nahesabu vidole, natafuta hela iliyopotea ambayo haikupotea.

Jioni, saa moja hivi, napanga sahani, nikamsikia baba chumbani akimwambia mama, taratibu tu, "Sema basi. Kama unampelekea mama yako kule Magu, sema. Mimi sitakasirika, lakini usinifiche."

Mama akajibu neno moja. "Sipeleki."

Baba akaguna. Ule mguno ulikuwa wa mtu ambaye hajaamini.

Hapo ndipo nilielewa nimefanya nini. Baba yangu, kwa mara ya kwanza, anamwona mama yangu kama mtu wa kudokoa. Na ushahidi nimeutoa mimi, kwa mdomo wangu, mdomo ambao kwa kawaida haufanyi kazi.

Jumatano nikaamua maharage. Nilifikiri, kilo moja inalisha watu siku nzima. Hakuna aliyeniambia kwamba maharage hula mkaa kuliko watu wanavyokula maharage. Saa nane mchana moto umekufa, maharage yako kama kokoto, mfukoni nina elfu mbili na mia tatu.

Nikatoka mbio hadi kwa muuza chipsi, nikanunua chipsi kavu sahani moja ya elfu mbili, wakagawana mapacha. Mimi na mama tukanywa maji. Mama alinywa yake akiwa amesimama, wala hakunisema.

Hapa nisimame kidogo niwape mabachela haki yao. Mtu mmoja akila chipsi za elfu mbili hajapoteza sana. Hajanunua mkaa, hajanunua mafuta, hajaosha sufuria. Nilipiga hesabu ya mtu mmoja mara tatu, na kweli jiko la mtu mmoja linaweza kumshinda. Sufuria inaanza kulipa mkiwa wengi. Lakini saa kumi Doto alikuwa amesharudi jikoni, amesimama mlangoni, ananitazama tu.

Nikachukua mkaa wa mkopo wa buku, nikarudisha maharage jikoni. Usiku baba akayatafuna pole pole kama mtu anayekagua kitu.

Kulwa akauliza, "Dada, haya ni ya kula au ya kupanda?"

Baba alicheka peke yake. Mama alikula yake yote.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni, siku zangu zikaanza.

Wakuu, samahani, naandika hivi hivi. Wanaume mnaosoma hapa mna dada na mabinti.

Nikaenda kwenye begi la nguo zangu, mfuko wa pembeni. Kila mwezi pakiti ya pedi huwa iko pale. Sijawahi kuiomba. Sijawahi kumwona mama akiiweka. Tangu nilipoanza, nilikuta iko pale, na sisi hatujawahi kuizungumzia zaidi ya ile siku ya kwanza.

Mfuko ulikuwa mtupu.

Mama alikuwa uani anamsuka Doto. Nikasimama. Nikasogea. Nikarudi nyuma. Mwisho Doto mwenyewe akasema, "Dada ana nini? Anacheza?"

Mama akanitazama, akaelewa. Akamtuma Doto kwa jirani kurudisha chano, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama.

"Hazipo," nikasema.

"Najua hazipo."

"Kwani zilikuwa zinatoka wapi?"

Mama akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Ulidhani zinaota kwenye begi? Zilikuwa zinatoka kwenye nyanya, mwanangu. Kwenye mafuta. Mia mbili leo, mia tatu kesho."

"Mbona Jumapili hukumwambia baba?"

"Nimwambieje? Pale mezani, wewe umekaa, mapacha wamekaa, nianze kutaja za kwako mbele ya baba yako? Wewe ambaye hata chumvi ukitaka unanyoosha kidole. Ungeinuka pale?"

Nikatikisa kichwa.

"Ningetaja mkaa, angesema na kingine? Ningetaja uji, angesema na kingine? Mwisho tungefika hapo. Nikaona bora anifikirie mimi vibaya, itapita."

Akaingia ndani, akanitolea kitambaa cha kitenge alichokikata na kukikunja vizuri. Akaniambia, "Na wewe usiende kumwambia. Mambo haya hapelekewi baba."

Basi nikakaa na lile neno. Nikasimama nalo. Sikuweza kutulia popote. Mama yangu alikuwa anaitwa mwizi kimya kimya ndani ya nyumba yake ili mimi nisione haya kwa dakika moja.

Nikachukua daftari kabla giza halijaingia, nikaandika hesabu upya. Safari hii sikuandika nilichotumwa kununua. Niliandika kila kitu ambacho huwa nakikuta tu kipo. Mkaa. Maji ya ndoo bomba likikatika. Uji, sukari, majani ya chai. Mchango wa msiba wa jirani. Dawa ya tumbo ya Doto. Kalamu za mapacha. Mistari kumi na sita, nikigawanya kwa siku inagonga elfu kumi na kupita kidogo. Ile ya kupita sijui mama alikuwa anaitoa wapi, na nilipomuuliza alisema, "Ndiyo maana kuna kuongea na watu sokoni."

Sasa wakuu, kabla sijamaliza, nilichojifunza ni hiki. Mkilinganisha chipsi na chakula cha nyumbani, bei ya chipsi mnaiona yote kwa mkupuo, ya nyumbani mnaona ile iliyopita dukani tu. Iliyobaki kuna mtu ameibeba, na mara nyingi hasemi. Usitoe hesabu ya jiko ambalo hujawahi kulishika, hata kama nia yako ni kumtetea mwenye jiko. Mimi nilikuwa na nia nzuri kabisa.

Wenye familia, kwenu mnaacha shilingi ngapi, na mmewahi kuuliza inafika wapi bila kuuliza kwa ubaya? Akina baba, pedi za binti yako ziko kwenye bajeti ya nani? Dada zangu, ninyi mlisemaje? Karibuni, hata wa kunisema. Nitasoma zote, kujibu ndiyo sijui kama nitaweza.

Kuhusu mama kunikataza, sikumtii.

Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili na robo, baba alikuwa nje anajaza upepo baiskeli aende kazini. Nilipanga nimpe daftari asome mwenyewe, mimi nikimbilie ndani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Hesabu ya Jumapili nilikosea. Niliacha vitu." Nikamnyooshea daftari.

Mikono yake ilikuwa imeshika pampu. "Soma, nakusikia."

Nikasoma. Mkaa. Maji. Uji. Baba anapampu, anaitikia "mhm" kila mstari. Nilikuwa nauona mstari wa kumi na tatu unakuja kama mtu anayemjua mbwa aliyeko mbele njiani. Nikafika, nikausoma kwa sauti ile ile niliyosomea sukari.

"Pedi."

Pampu ikasimama.

"Za nani?"

"Zangu, baba."

Hakuniangalia, aliangalia tairi. "Shilingi ngapi?"

"Elfu mbili pakiti. Mwezi mwingine mbili."

"Tangu lini?"

"Tangu form one."

Akakaa hivyo, amechuchumaa. Nilisikia jogoo wa jirani, na mama anakoroga kitu ndani.

"Malizia," akasema.

Nikamalizia. Sabuni ya vyombo, kiberiti, chumvi.

Akatoa pochi, akahesabu elfu kumi, akaongeza elfu mbili juu yake. Akanipa. "Mpelekee mama yako. Mwambie..." Akazichukua tena mkononi mwangu. "Acha. Nitampelekea mwenyewe, nimwambie mwenyewe."

Akaingia ndani kwa mama, viatu vya kazi miguuni.

Mimi nikabaki nje. Tairi la nyuma lilikuwa bado laini, nikashika pampu nikalijaza.