Mtunza chaza aliyechoka kuitwa muuaji

Saa mbili asubuhi, Mama Chaza amekunja mkono wa blauzi mpaka kwapani na kuuzamisha mkono wake kwenye tangi la kioo, sebuleni kwa wakili. Mkono ameunawa kwa maji matupu. Sabuni kidogo tu humo ndani ni msiba.

Leo msiba umemtangulia.

"Ameng'olewa tena," anasema. Hapazi sauti, na hapo ndipo mwenye akili angeanza kutafuta mlango.

Tangi lina lita mia mbili za maji ya chumvi, mawe yaliyoota matumbawe, samaki wanne wenye maringo na chaza mmoja wa ukubwa wa ngumi. Wiki iliyopita alimwacha juu ya jiwe, chini ya taa. Leo yuko mchangani, ameegemezwa kama mgonjwa kwenye benchi la zahanati, akiyatazama makochi. Nyama yake ya buluu, ambayo hutanuka nje ya gamba kama shuka lililoanikwa, imenywea.

Anapitisha kiganja juu ya maji. Chaza mzima akipitiwa na kivuli hujifunga chap. Huyu anafunga taratibu, kama anayejadiliana na nafsi yake.

Mama wa watoto wawili, alianza kwa kufagia nyumba za watu. Miaka tisa iliyopita mwajiri wake, mwalimu mstaafu, macho yalianza kumtupa mkono. Akawa anamwomba amsomee kipimo cha chumvi cha tangi lake. Ndiye aliyemfundisha kwamba maji yakipungua kwa joto chumvi hubaki, kwa hiyo unaongeza maji matamu, si ya chumvi.

"Siku hizi ukimwambia mboga haina chumvi, anakuuliza umepima na nini," anasema mumewe, fundi viatu.

Kabla ya mwaka huu alikuwa na nyumba tisa anazotunza matangi. Sasa ni saba. Mbili zimemfukuza baada ya wakili kuandika kwenye kundi la simu la wafuga samaki: "Jihadharini na huyu mama. Chaza wangu watatu wamefia mikononi mwake."

Kilichowaua anakijua. Chaza hujishikiza kwenye jiwe kwa nyuzi nyembamba zinazotoka chini ya mwili wake. Ukimvuta kwa nguvu, unachana pale zinapotokea. Kwa nje hana hata mkwaruzo. Anakufa polepole.

"Bosi anamng'oa Jumamosi ili wageni waone rangi. Chaza anakufa wiki mbili baadaye. Mimi nakuja kila Jumatano, basi mikono inayoonekana ni yangu," anasema, akikamua mkono wa blauzi kana kwamba ni shingo ya mtu.

Dawa aliitafuta. Sasa kila chaza mpya humpa kijiwe bapa, anachokiita kigoda. Chaza akishakishika, unahamisha kigoda chote na hakuna kinachochanika. Cha chaza huyu wakili alikitoa siku ileile alipoletwa. Kisa? Kilikuwa kinaharibu picha.

Mwenyewe anaingia, tai mkononi.

"Mama, mbona asubuhi asubuhi umenuna?"

"Bosi, nani amemgusa chaza?"

"Aah, nilimsogeza kidogo tu. Shemeji alikuja."

"Ulimsogeza au ulimng'oa?"

"Si ni kitu kilekile?"

"Nikikusogeza wewe nikaacha miguu yako hapo mlangoni, ni kitu kilekile?"

Wakili anacheka. Peke yake. Mama Chaza anamwonyesha jiwe: nyuzi bado zimening'inia pale chaza alipokuwa. Kwa mtu anayeishi kwa ushahidi, wakili anautazama huu kwa haraka sana.

"Sawa, bahati mbaya," anasema. "Nitaandika kwenye kundi kwamba ilikuwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya haina mikono, bosi. Hii ilikuwa na mikono. Ilivaa na saa."

Alipoombwa maoni na gazeti hili, wakili alijibu kwamba jambo linakuzwa. "Ni chaza, jamani. Hata hana macho." Anayo, mamia ya vijicho kwenye ukingo wa ile nyama ya buluu. Wakili amefuga chaza mwaka mzima hajui.

Mama Chaza hamalizii hasira kwa mgonjwa. Anamwekea chaza kigoda, anamlaza juu yake mahali ambapo maji hayamsukumi, anamzungushia vijiwe asiyumbe. Akijishikiza upya ndani ya siku chache, anaweza kupona. Asipojishikiza, atakuwa wa nne.

Kisha anaweka ufunguo wa nyumba mezani.

Mpango wake ni huu: hadi Jumapili wakili aandike kwenye kundi lilelile, kwa maneno mafupi, kwamba aliyewang'oa chaza ni yeye mwenyewe. Akiandika, Mama Chaza ataziendea zile nyumba mbili kichwa kikiwa juu. Wakili asipoandika, mama hapa harudi, na kuanzia sasa nyumba yoyote inayotaka huduma yake itaahidi kwanza kwamba chaza hang'olewi.

"Sasa siku zote hizo nani atamlisha?" wakili anauliza, tai imemkwama shingoni.

"Chakula chake kikubwa ni mwanga, na taa inajiwasha. Kuongeza maji, dada wa jikoni nimeshamfundisha. Wewe kazi yako ni moja, kutomgusa," anajibu akivaa viatu. "Hiyo nayo utaiweza, au nikutafutie msaidizi?"